Ngozi ya Bouguereau ilitoka wapi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mchoraji hapa Mwanza. Nachora watu kutoka kwenye picha za simu: maharusi, wazee wanaostaafu, marehemu. Juzi nimekutana na kazi za Mfaransa mmoja, William Bouguereau. Ngozi ya watu wake utadhani ukiigusa utakuta ina joto. Nikamwonyesha rafiki yangu aliyesoma sanaa chuoni, akacheka, akasema huyo ni mchoraji wa makasha ya biskuti, wenye kujua walishamtupa. Huyu alikuwa nani hasa? Alikuwa anafuatisha picha za kamera? Na kama alijua kazi namna hii, kwa nini anadharauliwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajakosea kabisa, ila amekurithisha ugomvi wa watu waliokufa zamani bila kukueleza walichokuwa wanagombania. Nitaufikia huo ugomvi. Nianze na mtu mwenyewe, maana mwanzo wake unafanana na wako kuliko unavyodhani.

Alizaliwa La Rochelle, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, tarehe 30 Novemba 1825. Kwao walikuwa wauzaji wa divai na mafuta ya zeituni, na baba alitaka kijana asimamie biashara. Aliyemfungulia njia ni ndugu wa baba yake, Eugène, padri wa kijijini, aliyemfundisha Kilatini na kumpeleka shule ya Pons. Pale mwalimu wa kuchora alikuwa Louis Sage, ambaye naye alikuwa amefundishwa na Ingres, fundi mkubwa wa mstari katika Ufaransa ya siku zile. Familia ilipohamia Bordeaux, kijana akawa anasoma uchoraji katika shule ya manispaa, huku akipata hela kwa kupaka rangi lebo za chupa za jamu. Ndiyo, lebo za jamu. Mwaka 1844 akatwaa tuzo ya kwanza ya shule.

Nauli ya kwenda Paris haikuwepo. Yule padri akamtafutia kazi: awachore waumini wa parokia kwa malipo. Akachora watu 33, akapata faranga 900. Kwa hiyo alianzia pale pale ulipo wewe leo, kwa mteja anayetaka afanane na bado apendeze, na pesa bado iko mfukoni mwake. Tofauti ni moja tu, nayo nitairudia mpaka unichoke: hao 33 walikaa mbele yake.

Alifika Paris mwaka 1846, akaingia karakana ya François-Édouard Picot, kisha akafanya mtihani wa Shule ya Sanaa, École des Beaux-Arts. Waliopita walikuwa 100, yeye akawa wa 99. Napenda sana namba hiyo. Miaka minne baadaye, 1850, yeye na mchoraji mwenzake Paul Baudry wakapewa Tuzo ya Roma, iliyokuwa ngumu kuliko zote nchini. Mshindi alilipiwa na serikali miaka kadhaa Roma, katika jumba la Villa Medici, akinakili na kusoma kazi za mabingwa wa kale. Bouguereau alikaa huko tangu 1851 hadi 1854.

Hapa lazima uelewe shule hiyo ilivyokuwa, kwa sababu siri unayoitafuta iko humo. Mpaka mageuzi ya mwaka 1863, École haikufundisha kupaka rangi. Ilifundisha kuchora. Rangi ulijifunza kwenye karakana ya bwana binafsi kama Picot. Mwanafunzi alianza kwa kunakili picha zilizochapwa, akahamia sanamu za plasta, nyeupe tupu, zisizo na rangi ya kumdanganya, na hatimaye akaruhusiwa kumchora mtu hai, uchi, aliyesimama kwa saa nyingi. Juu ya hapo kulikuwa na anatomia. Bouguereau alihudhuria upasuaji wa maiti ili ajue msuli unaanzia mfupa gani na kuishia wapi. Mtu aliyepita humo, ukimwambia achore bega, hachori umbo la bega aliloliona. Anachora mfupa na nyama iliyokaa juu yake, ndipo anaweka ngozi.

Ukitaka ushahidi, mwonyeshe rafiki yako picha ya mwaka 1850 inayoitwa Dante na Virgili. Iko Makumbusho ya Orsay, Paris, na ina urefu wa karibu mita 2.8. Niliposimama mbele yake mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja. Washairi hao wawili wamesimama wakitazama, na mbele yao watu wawili walio motoni wanapigana uchi. Mmoja amemwingizia mwenzake goti mgongoni na kumng'ata koo, na vidole vyake vimezama ubavuni mpaka ngozi imejikunja kama shati lililoshikwa na ngumi. Muulize kwa upole, hiyo ni kasha la biskuti za kampuni gani?

Picha kali kama hiyo haikumlisha. Mwaka 1856 alianza kuishi na Nelly Monchablon, wakaoana mwaka 1866, Nelly akamzalia watoto watano, na nyumba ilihitaji mkate. Bouguereau mwenyewe alikiri kwamba aligundua mapema kuwa mambo ya kutisha na ya kishujaa hayalipi, wanunuzi wanataka Zuhura, mungu wa kike wa mapenzi, na vikerubi, vitoto vyenye mabawa, naye akawapa. Akachora akina mama na watoto, wasichana wa kijijini wenye mitungi, malaika na miungu ya kale. Kuanzia mwaka 1866 mfanyabiashara Adolphe Goupil, aliyekuwa na mtandao wa kuuza picha ndani na nje ya Ufaransa, alichukua kazi zake, na matajiri wa Marekani wakazigombania. Picha yake ya mwaka 1873, Nimfa na Satiri, ambamo wanawake wanne uchi wanamburuta nusu-mtu nusu-mbuzi majini, ilinunuliwa na Mmarekani John Wolfe, kisha ikaning'inizwa kwenye baa ya hoteli ya Hoffman House, New York. Wanaume walikwenda kunywa huku wakiitazama. Leo iko kwenye makumbusho ya Taasisi ya Clark, Williamstown, Marekani, ambako hakuna anayekuuzia kinywaji mbele yake.

Sasa tuje kwenye ngozi. Hapana, hakuwa anafuatisha kamera. Njia yake inajulikana, na michoro ya maandalizi imebaki.

Alianza na vijichoro vidogo vya haraka kwenye karatasi, kutafuta tu watu wakae wapi. Likimkaa wazo, alifanya kipicha kidogo cha rangi za mafuta, bila sura wala vidole, mabaka tu: hapa joto, hapa baridi, hapa giza. Baada ya hapo anaita modeli. Anachora mwili mzima, kisha kichwa peke yake, mkono peke yake, na nguo pekee ikiwa imetandazwa juu ya umbo. Hata majani na magugu yaliyo chini ya miguu alikwenda kuyachorea nje. Kisha vyote vinaunganishwa kwenye mchoro mmoja mkubwa wenye ukubwa uleule wa picha yenyewe. Mistari ya mchoro huo inahamishiwa kwenye turubai, inapitishwa rangi nyepesi ya kahawia kuweka vivuli, na hapo ndipo kazi ya mwisho inaanza.

Unaona kilichotokea? Alipochukua brashi kwa ajili ya picha yenyewe, maswali yote yalikuwa yamejibiwa. Pua iko wapi, anajua. Kivuli cha kidevu kinaishia wapi, anajua. Wewe na mimi tunajibu maswali hayo kwenye turubai, tukipaka na kufuta, na kila tukifuta rangi inachafuka. Ngozi chafu kwenye picha zetu nyingi haitokani na rangi mbaya. Inatokana na kusitasita.

Jambo la pili ni rangi za katikati. Chukua picha yake yoyote kwenye simu, ikuze mpaka uone shavu tu. Kati ya sehemu yenye mwanga na sehemu yenye kivuli utakuta ukanda mwembamba wenye ukijivu, wakati mwingine unaelekea ubuluu au ukijani. Peke yake ukanda huo ni rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Uking'aa karibu na waridi la shavu, unakuwa damu inayopita chini ya ngozi. Halafu tazama viwiko, vifundo vya vidole, magoti, ncha ya sikio: hapo ameongeza wekundu, kwa sababu ngozi ni nyembamba au damu iko karibu. Wengi wanachanganya rangi moja ya ngozi, wanaiongeza nyeupe kupata mwanga na nyeusi au kahawia kupata kivuli. Matokeo yake ni mtu wa plastiki. Hili ni kweli kwa ngozi nyeusi zaidi ya hata ile ya wasichana wake. Uso wa mzee wako anayestaafu una zambarau chini ya macho, una buluu ya anga kwenye paji lililo karibu na dirisha, una rangi ya shaba kwenye taya. Kamera ya simu inayameza yote hayo na kukurudishia kahawia moja.

La tatu ni nyeupe. Yeye alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ina uzito, inavutika, na ikichanganywa inabaki na uvuguvugu fulani. Usiitafute, ni sumu, na vumbi lake ni baya zaidi. Nyeupe ya titani unayoipata madukani ina nguvu sana na inaelekea ubaridi, kwa hiyo iweke kidogo kuliko unavyozoea, na uichangamshe kwa njano ya udongo. Nyeupe ya zinki iache, hasa kwenye turubai, maana inakuwa ngumu na kupasuka.

Hizo alama za brashi usizoziona zimepotezwa kwa kupaka sehemu ndogo ndogo na kuunganisha kingo kabla rangi haijakauka. Kwa hiyo ni ustadi wa mkono, lakini ni wa mwisho katika orodha. Watu huanzia hapo, wananunua brashi laini ya kusambazia, wanasugua shavu mpaka linakuwa puto.

Nimesema rafiki yako hajakosea kabisa. Tazama miguu. Bouguereau amechora wasichana wengi wa kijijini wanaotembea peku, wachungaji na wachota maji. Aliwachora kwa upendo, wengine aliwapata kwao La Rochelle alikokwenda majira ya joto. Sasa angalia kisigino. Hakuna ufa. Kucha safi, vumbi hakuna. Mimi nimekulia kijijini. Najua kisigino cha msichana anayechota maji kila siku kinavyokuwa, na najua mtungi ukijaa shingo inavyosimama. Msichana wake wa mwaka 1891, aliyekaa kisimani na mtungi uliovunjika, ana macho yanayokufuata chumba kizima, lakini miguu ile haijawahi kukanyaga jiwe. Alijua kila msuli chini ya ngozi, akaamua kutochora kile maisha yanachoifanya ngozi yenyewe. Walioishi zama zake waliliona hilo. Mchoraji Edgar Degas na wenzake waligeuza jina lake kuwa neno la kejeli, wakilitumia kwa picha yoyote iliyong'arishwa kupita kiasi.

Lakini kejeli ya Degas haikuhusu uso laini peke yake, na hapa ndipo penye ugomvi niliokuahidi. Katika Paris ya wakati ule, mchoraji alijulikana kwa mlango mmoja: maonyesho makubwa yaliyoitwa Salon. Jopo lilikaa, likapokea au kukataa. Mwaka 1863 jopo lilikataa kazi nyingi mno hata Mfalme Napoleon wa Tatu akaruhusu maonyesho ya pembeni ya waliokataliwa, na mwaka 1874 kundi la wachoraji akina Monet, Renoir, Pissarro na Degas likaamua kufungua maonyesho yake lenyewe. Bouguereau aliingia Akademia, baraza la wasanii wakuu wa Ufaransa, mwaka 1876, akawa na sauti kubwa kwenye majopo, akafundisha katika Akademia ya Julian, shule ya binafsi, na kisha École. Mchoraji Paul Cézanne, aliyekataliwa mara nyingi, aliiita Salon "Salon ya Bouguereau". Unadhani mtu aliyefungiwa mlango miaka ishirini atamsifia bawabu kwa viatu vyake vizuri? Hao waliofungiwa ndio walioshinda, na wanafunzi wa wanafunzi wao ndio walioandika vitabu vya historia ya sanaa alivyosomeshwa rafiki yako.

Bawabu huyo hakuwa katili kwa kila mtu, lakini. Aliongoza kwa miaka mingi kazi ya chama cha kusaidiana cha wasanii kilichoanzishwa na Baron Taylor, kilichowahudumia wachoraji wenye shida. Na aliwafundisha wanawake katika Akademia ya Julian wakati École ilikuwa haiwapokei. Iliwafungulia mlango mwaka 1897 tu. Mmoja wa aliowaongoza ni Elizabeth Gardner, Mmarekani kutoka New Hampshire, aliyechora kwa mtindo wake kiasi kwamba wakosoaji walimwandama. Alijibu bila kupepesa kwamba ni heri ajulikane kuwa mwigaji bora wa Bouguereau kuliko asijulikane kabisa. Baada ya kifo cha Nelly walichumbiana karibu miaka ishirini, kwa sababu mama mzazi wa Bouguereau alikataa mwanawe aoe tena. Mzee huyo wa Akademia, mwenye nishani kifuani, alimtii mama. Mama alipofariki mwaka 1896 wakaoana mwaka huohuo. Bwana harusi ana miaka 70, bibi harusi 58.

Mwanafunzi mwingine alipita kwa muda mfupi tu: Henri Matisse, mwaka 1891. Alimkuta mzee akinakili picha yake mwenyewe, akaona hapa hapamfai, akahamia kwa mwalimu mwingine, Gustave Moreau.

Kuna picha moja ningependa uitazame polepole, kwa sababu nawe unachora marehemu. Mke wake wa kwanza na wanne kati ya watoto watano walimtangulia. Jeanne alikufa mwaka 1866 akiwa mdogo. Georges alikufa Julai 1875, kijana wa miaka 16. Nelly alifariki Aprili 1877, na kitoto Maurice akamfuata baada ya miezi miwili. Baada ya Georges, Bouguereau alichora Bikira Maria amempakata Yesu aliyekufa, amezungukwa na malaika, na kuionyesha Salon ya mwaka 1876. Maria amevaa nyeusi. Hamwangalii mwanawe, anatutazama sisi, macho mekundu, kama mama kwenye matanga anapoinua kichwa mtu mpya anapoingia mlangoni. Chini, karibu na taji la miiba, kuna chombo chenye maandishi ya Kilatini: kwa kumbukumbu ya mwanangu mpendwa Georges, tarehe 19 Julai 1875. Ngozi ya Yesu ni laini vilevile kama ya Zuhura zake zote. Safari hii ulaini umekuwa kitu kingine, kwa sababu mwenye brashi alikuwa amefiwa na mwanawe siku si nyingi.

Bouguereau alikufa La Rochelle tarehe 19 Agosti 1905. Alikuwa ameacha picha zaidi ya 800. Baada ya Vita vya Kwanza bei zake zilianguka, na makumbusho mengi yakazishusha na kuziweka stoo. Mwaka 1984 makumbusho ya Petit Palais, Paris, yakamfanyia maonyesho makubwa yaliyoendelea hadi Montréal na Hartford, na tangu hapo amerudi ukutani. Hata hivyo soko bado linamtazama kwa jicho la pembeni: picha yake kubwa kuliko zote, Ujana wa Bakusi (mungu wa divai wa kale), yenye upana wa mita 6.1, ilibaki kwenye karakana yake mpaka anakufa, na ilipopelekwa mnadani New York mwaka 2019 haikupata mnunuzi.

Kuhusu kazi yako, sikuambii uache picha za simu; mteja wa Nyegezi hatakuja kukaa saa tatu kwenye kiti. Nakuambia hivi: kwa miezi mitatu, kila asubuhi kabla ya kazi za wateja, chora kwa mkaa kitu kilicho hai mbele yako, dakika ishirini, bila rangi. Mguu wako mwenyewe unatosha. Bibi yako anapochambua mchele anatosha. Halafu mteja akileta picha ya mzee wake, mwombe, kama mzee yupo, ukamwone mara moja tu, mchana, kando ya dirisha, na daftari dogo la kuandika rangi unazoziona kwa maneno. Kama ni marehemu, mtafute ndugu anayefanana naye.

Na picha utakayoanza baada ya hapo usinitumie uso. Nitumie mkono wa kushoto, na kama yupo peku, kisigino.